Swichi Nne Ukutani: Mama, Ujue Kilichomo

Mwezi huu hatuingii jikoni wala chumba cha watoto. Tusimame kwenye korido, mbele ya ukuta, tukitazame kitu ambacho kila mtu wa nyumba hukigusa kila siku na karibu hakuna anayekitazama: bamba la swichi.

Katika nyumba nyingi za Buguruni, ukianzia Malapa hadi kwa Mnyamani, utalikuta karibu na mlango wa mbele. Swichi moja ni ya taa ya barazani, ya pili ya korido, ya tatu ya uani, ya nne ya chooni. Zote nne zimepangwa kwenye bamba moja, juu ya boksi moja lililozikwa ukutani. Vyumba ni sita, vitatu kila upande. Familia ni tatu au nne, na mita ya LUKU mara nyingi ni moja. Bamba hilo linaguswa na mama aliyetoka kufua, mtoto aliyetoka kuoga, na mpangaji anayerudi usiku wa manane akipapasa gizani.

Siku linapoharibika, fundi huja mchana. Baba yuko kazini, mwenye nyumba anaishi mbali. Anayemfungulia fundi mlango ni wewe mama. Unamwonyesha swichi mbovu, anafungua, anachezea nyaya, anafunga, taa inawaka. Unalipa, anaondoka.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Taa kuwaka si ushahidi kwamba kazi imefanywa vizuri. Swichi inaweza kuwasha na kuzima taa bila tatizo, na bado ikawa imefungwa kwa namna itakayomuua mtu siku moja. Fundi anakaa na boksi hilo saa moja. Wewe na wanao mtakaa nalo miaka ishirini. Kwa hiyo, yafaa ujue kilichomo.

Sisemi mama ashike bisibisi afungue swichi mwenyewe. La hasha! Umeme wa nyumbani kwetu ni wa volti 230, na hauna huruma kwa anayejaribu. Kazi ya kufunga umeme nchini iko chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, na mafundi wake hupewa leseni na EWURA kwa madaraja mbalimbali. Kumwuliza fundi leseni si kumdharau. Fundi wa kweli huitoa mfukoni kwa furaha, kwa maana aliitolea jasho. Ninachokitaka ni kwamba ukisimama pale korido usiwe mtazamaji tu. Uwe mtu anayejua la kuuliza.

NYAYA TATU NA KAZI ZAKE

Tuanze na nyaya zenyewe. Umeme huja kwa waya wa moto, ambao mafundi huuita laivu. Hufika kwenye taa, hufanya kazi yake, kisha hurudi kwa waya wa nyutro. Waya wa tatu ni wa ethi, yaani ule unaoshuka hadi kwenye fimbo iliyopigwa ardhini nje ya nyumba. Siku za kawaida ethi haina kazi. Ni kama mlinzi wa usiku: siku waya wa moto ukigusa boksi la chuma, yeye huupeleka umeme huo ardhini haraka, ili fyuzi au sakiti breka ikate.

Sasa swichi ni nini? Ni daraja linalofunguka na kufungika. Na daraja hilo lazima liwe kwenye njia ya waya wa moto. Nyutro haina haja ya kupita kwenye swichi ya kawaida ya taa. Yenyewe huenda moja kwa moja hadi kwenye taa.

Ukitazama nyuma ya bamba la swichi nne zinazotumia umeme wa sakiti moja, mambo ni haya. Waya mmoja wa moto unaingia na kufungwa kwenye swichi ya kwanza, katika tundu ambalo kwa kawaida limeandikwa COM. Kutoka hapo kipande kifupi cha waya huruka hadi swichi ya pili, kingine hadi ya tatu, kingine hadi ya nne, ili zote zipate moto. Kisha kila swichi hutoa waya wake mmoja kwenda kwenye taa yake. Hesabu: mmoja unaoingia, vipande vitatu vya kurukia, vinne vinavyotoka. Na ethi imefungwa kwenye boksi lenyewe kama ni la chuma. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la tatu anaiweza, na mama ataiweza zaidi.

Iko tofauti moja. Taa ya korido ndefu huweza kuwekewa swichi mbili, uiwashe mlango wa mbele na kuizima mlango wa uani. Swichi za namna hiyo zina matundu matatu: COM, L1 na L2. Upande mmoja COM hupokea moto, upande wa pili COM hupeleka umeme kwenye taa, na nyaya mbili huunganisha swichi hizo katikati. Anayerukisha moto kila penye COM bila kufikiri atavuruga kazi. Ukiona fundi anabahatisha, mara anaunga hivi, mara vile, hadi taa iwake, mwombe kwa upole asimame hapo hapo.

KOSA AMBALO TAA HAISEMI

Kosa la kwanza la hatari ni swichi kufungwa kwenye nyutro badala ya kwenye moto. Ukibonyeza, taa inawaka. Ukibonyeza tena, inazimika. Kila mtu ameridhika. Lakini umeme wa moto haukuzuiwa. Umefika juu kwenye kishikizo cha balbu na unangoja tu mahali pa kupita.

Siku balbu inaungua. Mama anazima swichi, anapanda kwenye stuli ya chuma, miguu ina unyevu wa kudeki. Anafungua balbu, kidole kinagusa chuma cha ndani. Alizima, ndiyo. Lakini alichozima ni njia ya kurudi, si njia ya kuja. Mwili wake ndio unaokuwa njia mpya.

Hapa wengi hujifariji kwamba sakiti breka itakata. Tuelewane vizuri. Sakiti breka ya taa, ya ampea 6 au 10, imewekwa kulinda waya usiungue. Haikuwekwa kumlinda mtu. Umeme ulio chini ya moja ya kumi ya ampea moja ukipita kifuani waweza kuvuruga mapigo ya moyo, na breka ya ampea 10 haitausikia kabisa. Kinachomlinda mtu ni kifaa kingine kiitwacho RCD, ambacho hupima umeme unaotoka na unaorudi. Kikiona unaorudi umepungua, hukata mara moja. Cha nyumbani ni cha miliampea 30. Kina kitufe kilichoandikwa T au TEST. Ukikibonyeza lazima kikate. Kama nyumba yenu hakuna kifaa hicho, basi hicho ndicho cha kuanza kuwekea akiba.

Namna ya kugundua kosa la nyutro ni rahisi kwa fundi. Swichi ikiwa imezimwa, apime kwenye kishikizo cha taa. Pasiwe na moto. Kwako wewe iko dalili moja: balbu za LED zinazobaki na mwanga hafifu hata zikizimwa. Zinaweza kuwa na sababu nyingine, kwa mfano swichi yenye kitaa kidogo cha ndani, lakini ni dalili inayostahili kupimwa.

BOKSI MOJA, NJIA MBILI ZA UMEME

Kosa la pili ni la nyumba zetu hasa. Nyumba ya Kiswahili huongezwa kidogo kidogo. Leo linajengwa choo jipya, mwakani vyumba viwili vya uani. Kila nyongeza huja na fundi wake, na kila fundi huchukua moto pale alipoona ni karibu. Matokeo yake, swichi tatu za kwenye bamba zinapata moto kutoka breka moja, na ile ya nne inapata kutoka breka nyingine, au hata kutoka chumba cha mpangaji mwenye mita yake ndogo.

Fundi mwingine akija kurekebisha, anazima breka iliyoandikwa TAA, anajaribu swichi ya korido, haiwaki, anaingiza vidole. Swichi ya choo iliyo sentimita tatu tu pembeni ina moto kamili.

Ndiyo maana kwa boksi lenye swichi nyingi hakuna kuzima nusu. Inazimwa meni swichi ya nyumba nzima, na wenye mita ndogo wanaambiwa wazime na zao. Kisha kila swichi inapimwa peke yake. Ikigundulika boksi lina moto wa njia mbili, mwambie fundi azirudishe kwenye njia moja. Ikishindikana, aandike onyo ndani ya bamba kwa wino usiofutika.

RANGI ZA NYAYA

Miaka mingi tulizoea nyekundu kuwa moto, nyeusi kuwa nyutro, na kijani, au kijani na njano, kuwa ethi. Mtindo huo ulitoka Uingereza. Lakini Waingereza wenyewe walianza kubadili mwaka 2004, na tangu mwaka 2006 kazi zote mpya kwao hutumia kahawia kwa moto na buluu kwa nyutro. Kijani na njano imebaki ethi. Nyaya za rangi zote mbili zimo katika nyumba zetu, mara nyingine ndani ya boksi lile lile.

Iko mitego miwili. Katika rangi mpya, nyeusi huweza kuwa waya wa moto kwenye umeme wa njia tatu unaotumika viwandani na kwenye majengo makubwa, na masalia ya nyaya hizo huishia majumbani. Tena, hata katika mtindo wa zamani, waya mweusi unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa hubeba moto kila swichi inapowashwa. Fundi makini huuzungushia tepu nyekundu ili ajaye ajue. Kwa hiyo rangi ni ahadi tu. Kipimo ndicho ushahidi.

UNAPOKWENDA KARIAKOO

Wengi wetu hupanda daladala kwa Barabara ya Uhuru hadi Kariakoo kununua vifaa wenyewe, ili fundi asiongeze bei. Ni vizuri, lakini uwe na macho. Kwa taa omba waya ambao mafundi huuita "wa moja na nusu", maana yake milimita za mraba 1.5. Kwa soketi ni "wa mbili na nusu". Waya halisi una maandishi ya ukubwa na mtengenezaji kwenye plastiki yake. Angalia pia alama ya ubora ya TBS. Kisha mwombe muuzaji akate ncha, uikwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukikwangua ukaona weupe, hiyo si shaba tupu. Ni madini mengine yaliyopakwa shaba juu. Waya huo hupata joto zaidi na huvunjika upesi kwenye skrubu.

Boksi nalo usichukue lile jembamba. Lenye kina cha milimita 16 linatosha swichi moja ya taa, lakini swichi nne zina nyaya nyingi. Chukua la milimita 25 au zaidi. Nyaya zikibanwa kwa nguvu nyuma ya bamba, plastiki huchubuka, na moto hugusa boksi. Ongeza konekta za plastiki kwa ajili ya maungio. Waya uliosokotwa kwa mkono na kuvikwa mfuko wa nailoni si kazi, ni mtego. Daima dai risiti. Rahisi ni ghali, walisema wazee.

SIKU YA KAZI

Sasa fundi amefika. Mheshimu, mpe kiti na maji ya kunywa, kisha muulize bila woga.

Kwanza: "Fundi, umezima wapi?" Jibu likiwa "Umeme haupo, mama, umekatika," usikubali. Umeme uliokatika hurudi bila kubisha hodi. Vivyo hivyo LUKU iliyokwisha. Fundi akiwa na vidole ndani ya boksi, mpangaji wa chumba cha tatu anarudi na tokeni yake, anaingiza namba, na nyumba yote ina moto. Meni swichi izimwe, na mtu mzima asimame hapo hadi kazi iishe. Asiachiwe mtoto.

Pili: "Umepima?" Fundi mzuri hupima kifaa chake kwanza mahali anapojua pana moto, kisha hupima boksi, kisha hurudi kupima pale penye moto tena. Anafanya hivyo ili ajue kwamba kipimo chenyewe hakijafa. Baada ya hapo ndipo huzima meni swichi alikokuwa ameacha moto wa kupimia, na hupima boksi mara ya mwisho. Testa ya bisibisi yenye kitaa peke yake si ya kuaminiwa.

Tatu: kabla hajafunga bamba, "Naomba nione." Tazama kama shaba tupu inaonekana nje ya matundu. Isionekane. Mwombe avute kila waya taratibu, usichomoke. Tazama kama ethi imefungwa kwenye boksi la chuma, na kwenye bamba pia kama ni la chuma la mapambo. Tazama kama tundu la boksi waya unapoingilia lina mpira au paipu, ili ncha kali ya chuma isikate plastiki.

Nne: "Swichi ya bafuni itakaa wapi?" Ikae nje ya mlango, mbali na maji. Ya uani iwe na kifuniko cha kuzuia mvua.

Akimaliza, mwombe aandike kwenye meni swichi kila breka inahudumia nini. Dakika tano tu, na mtu wa baadaye atakushukuru.

NANI ALIPE?

Najua swali lililobaki. Mpangaji anasema nyumba si yake. Mwenye nyumba anasema walioharibu ni wapangaji. Wakati wanabishana, watoto wanaendelea kubonyeza bamba lililopasuka.

Ushauri wangu ni huu. Nyaya zilizo ukutani, boksi, meni swichi na ethi ni sehemu ya nyumba kama paa lilivyo sehemu ya nyumba, na mazungumzo na mwenye nyumba yaanzie hapo. Akina mama wa vyumba vyote waende pamoja, si mmoja mmoja. "Shikamoo mzee. Tumekuja kwa habari ya usalama wa nyumba yako na wa watoto wetu." Mpelekeeni makadirio ya fundi mwenye leseni yaliyoandikwa. Kama hana fedha kwa mkupuo, kubalianeni mlipe ninyi na ikatwe kwenye kodi, na makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa sahihi. Mkishindwana, fikeni serikali ya mtaa. Wakati huo wote, swichi mbovu isitumike. Breka yake izimwe, na njia ya chooni iangazwe kwa tochi.

DALILI ZA KUTAHADHARI

Bamba likiwa la moto mkononi, likitoa mlio kama wa mafuta yanayokaanga, likinuka plastiki inayoungua, likiwa na doa la kahawia, au likikutekenya vidole unapoligusa, zima meni swichi siku hiyo hiyo na umwite fundi. Wakati wa masika, mvua ikipenya darini huteremka kwa paipu za nyaya hadi kwenye boksi. Na sisi wa mabondeni, tunaokumbuka mafuriko ya Desemba 2011, tujue hivi: ukuta uliolowa usirudishiwe umeme hadi fundi afungue maboksi, akaushe na kupima.

Moto ukizuka, usimwage maji. Zima meni swichi kama unaifikia, toa watu nje, piga 114, Zimamoto. Mtu akishikwa na umeme, usimguse kwa mikono. Kata umeme kwanza. Ukishindwa, simama mahali pakavu umsukume kwa ubao mkavu au mpini wa ufagio wa mti. Kisha awahishwe hospitali, Amana si mbali, hata kama anasema amepona. Moyo uliopigwa na umeme huweza kusumbua baadaye.

Leo jioni, kabla ya kupakua chakula, simama mbele ya bamba lenu. Liguse kwa mkono mkavu, ulinuse, ulisikilize. Kisha waulize wenzako wa vyumba vingine: nani alilifunga, na lini? Kama hakuna ajuaye, mnayo kazi ya kufanya mwezi huu. Tukutane toleo lijalo.